Jiko la Nyumbani na Sheria za Mji: Historia ya Uuzaji wa Chakula Kilichopikwa

Utangulizi

Tuandikapo historia ya uchumi wa nchi yetu, mara nyingi twataja mkonge, pamba, kahawa, reli na bandari. Ni nadra kutaja sufuria. Hata hivyo makuli waliopakua shehena melini, mafundi waliojenga nyumba na makarani waliokaa maofisini wote walikula, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwapikia nyumbani. Chakula chao kilitoka katika majiko ya wanawake ambao walipika uani na kuuza barazani, kando ya barabara au mlangoni pa karakana.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kanuni zilizoitawala kazi hiyo, tangu desturi za miji ya pwani hata sheria za Serikali katika zama zetu. Tutautumia mji wa Dar es Salaam kuwa mfano wetu mkuu, kwa kuwa humo ndimo mabadiliko yalimoonekana upesi na wazi zaidi. Tutaonyesha kwamba desturi ilimtazama zaidi mpishi, yaani yeye ni nani na mkono wake ukoje. Nayo sheria ya mji ilitazama zaidi mahali, yaani mpishi amekaa wapi na kwa ruhusa ya nani. Kila moja ilikuwa na upungufu wake, na hasara ya upungufu huo waliibeba mpishi na mlaji.

Desturi za Miji ya Pwani

Katika miji kama Unguja, Bagamoyo, Pangani, Mombasa na Lamu, kuuza chakula kilichopikwa nyumbani ni jambo la tangu zamani. Vitumbua, maandazi, mikate ya mofa, bagia, kashata na visheti vilitoka katika majiko ya uani vikafika mitaani juu ya vichwa vya watoto na watumishi. Wanawake wengi wa nyumba za heshima walikaa utawani, wala haikuwapasa kusimama sokoni. Kwa hiyo mpishi alibaki ndani, na chakula chake kikatembea. Katika zama za utumwa aghalabu aliyekitembeza alikuwa kijakazi, na faida haikuwa yake. Hatupaswi kulisahau jambo hilo tunapoyasifu maisha ya miji hiyo.

Mnunuzi hakumwona mpishi, lakini alimjua. Aliuliza tu, "Vya nani hivi?" na jina alilotajiwa likamtosha kuamua anunue au asinunue. Jina jema lilichuma wateja kwa miaka mingi, na jina likiharibika siku moja ilikuwa taabu kulirudisha. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dini nayo ilikuwa na nguvu katika kanuni hizi. Nyama ilipaswa kuchinjwa kwa sharia. Kupunja vipimo kulihesabiwa kuwa dhambi. Kurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao. Mwezi wa Ramadhani biashara ya chakula ilisimama mchana, ikafufuka jioni wakati wa kufuturu. Na juu ya hayo palikuwa na wajibu wa ujirani: jirani aliyepungukiwa alikopeshwa, naye alilipa alipopata.

Kanuni hizi hazikuandikwa mahali popote, wala hapakuwa na askari wa kuzisimamia. Zilisimama juu ya kujuana, na kujuana huko kulipopungua nazo zilidhoofika.

Magenge ya Wafanyakazi na Sheria za Kikoloni

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani waliifanya makao makuu ya utawala wao. Bandari, reli na maofisi yakawavuta vijana kutoka bara. Wengi walikuja peke yao, wakapanga vyumba katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala. Mshahara wao ulikuwa wa mtu mmoja, wala haukutosha kuleta mke na watoto. Utawala wa kikoloni uliiona kazi ya mikono yao, lakini haukujishughulisha sana na suala la nani atawapikia.

Pengo hilo lilizibwa na wanawake wa mjini. Nyumba ya Kiswahili yenyewe iliwafaa: ua wa nyuma ulikuwa jikoni, na baraza ya mbele ikawa duka. Mahali walipokula wafanyakazi pakaitwa magengeni. Inaelekea kwamba neno genge kwa maana hii lilitokana na neno la Kiingereza la kundi la vibarua, na maana yake ikahama kutoka kundi la walaji hadi mahali pa kulia. Humo mtu aliweza kupata uji asubuhi, na mchana ugali au wali kwa samaki au maharage. Aliyekuwa hana fedha alikula kwa deni hadi siku ya mshahara.

Chini ya Waingereza, Sheria ya Miji ya mwaka 1920 iliipa Serikali uwezo wa kutunga kanuni za majenzi, usafi na biashara mijini. Mji uligawanywa katika sehemu tatu, na mgawanyo huo kwa kweli ulifuata rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika. Mchuuzi alitakiwa awe na leseni, na asiyekuwa nayo aliweza kutozwa faini au kunyang'anywa bidhaa zake. Kisha mwaka 1944 ilipitishwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji walioitwa "wasiotakiwa", ambao wengi wao walikuwa watu wasio na ajira ya kudumu. Mwanamke aliyekaanga vitumbua hakuwa na mwajiri. Aliwalisha walioajiriwa, lakini mbele ya sheria ile kazi yake haikuwa na jina.

Hata hivyo wanawake hao hawakuwa wanyonge wa kuonewa huruma tu. Walikuwa na fedha zao wenyewe hata zikiwa chache, walikuwa na vyama vya ngoma na vikundi vya upatu, na walijuana na mtaa mzima. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake katika TANU mwaka 1955, waliojitokeza mapema jijini walikuwamo wanawake wengi waliojitegemea kwa biashara ndogo ndogo kama maandazi, samaki wa kukaanga na pombe. Habari za chama zilipita mtaani kwa njia zile zile za mwendo wa sinia la vitumbua.

Baada ya Uhuru

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 vizuizi vingi vya kikoloni dhidi ya kuingia mijini vililegea, na mji ukapanuka. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta Dar es Salaam ina watu 128,742. Ile ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821. Kwa miaka kumi mji ulizidi mara mbili, na idadi ya wanaokula nje ya nyumbani nayo ikaongezeka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitukuza kazi na kulaani unyonyaji. Mwanamke aliyepika kwa mkono wake na kuuza kwa jirani hakumnyonya mtu. Lakini mipango ya uchumi ilitegemea viwanda, mashirika ya umma na maduka ya ushirika, na ndani ya mipango hiyo ilikuwa vigumu kumpatia nafasi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 ilimtaka kila mfanyabiashara awe na leseni. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi kabla maduka ya ushirika hayajawa tayari kuchukua nafasi zao.

Kisha zikaja taabu za mwisho wa miaka ya 1970: bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa bidhaa. Mshahara ukawa haumfikishi mfanyakazi mwisho wa mwezi. Hapo ndipo hata majumbani mwa makarani na walimu ilipoanza kuonekana ile iliyoitwa "miradi": mke akikaanga maandazi, akiuza barafu au kupika supu. Katika miaka hiyo jina la "mama ntilie" lilienea. Latokana na maneno ya mlaji anyoshaye sahani yake, "Mama, nitilie."

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, kwa nia ya kuhakikisha kwamba kila mtu mwenye uwezo anafanya kazi. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini katika msako wa mijini wachuuzi wengi walihesabiwa pamoja na wazururaji, kwa sababu hawakuweza kuonyesha kitambulisho cha kazi. Swali la mwaka 1944 likarudi kwa sura nyingine: mwajiri wako ni nani? Baadaye wachuuzi wadogo walikatiwa leseni zilizoitwa za nguvukazi, na kwa hatua hiyo sheria ilianza kukiri kwamba kujiajiri nako ni kazi.

Maradhi na Mipaka ya Desturi

Tusije tukadhani kwamba sheria zote zilikuwa uonevu, na kwamba desturi peke yake ingetosha. Kipindupindu kilichoenea nchini mwaka 1977 na 1978 kilionyesha hatari iliyopo. Kijidudu cha maradhi hayo hakionekani kwa macho. Chaweza kukaa katika maji ya kunawia ya mpishi mwenye jina jema kuliko wote mtaani. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza tena Dar es Salaam na kuenea mikoani, sehemu nyingi viongozi walipiga marufuku uuzaji wa chakula barabarani.

Marufuku hizo zaeleweka, kwani uhai wa watu ulikuwa hatarini. Lakini yatupasa kuuliza maradhi yalitoka wapi. Mama ntilie hakuchagua kuosha sahani kumi katika ndoo moja. Mtaa haukuwa na bomba. Hakuchagua kukaa karibu na mfereji wa maji machafu. Pale ndipo walipopita wateja na ndipo asipofukuzwa. Sheria iliyomkataza kukaa mahali pema, kisha ikamlaumu kwa uchafu wa mahali pabaya, ilimwadhibu mara mbili.

Sheria za Karibuni

Sheria za baada ya hapo zilianza kukitazama chakula chenyewe. Sheria ya mwaka 1978 ya udhibiti wa ubora wa vyakula ilifuatwa na ile ya mwaka 2003 iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 majukumu ya chakula yalihamishiwa Shirika la Viwango. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilizipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na ndizo zimgusazo mpishi kila siku: kupimwa afya, kuvaa nguo safi, kufunika chakula, kuwa na maji na choo karibu.

Mwezi Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Kwa kadi hiyo mama lishe, kama aitwavyo sasa kwa jina la heshima zaidi, aliweza kuonyesha kwamba kazi yake yatambuliwa. Hata hivyo suala la mahali halikwisha. Mwaka 2021 wachuuzi wengi na mama lishe waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Wengine walipata vizimba na maji. Wengine walijikuta mbali na wateja wao, kwa kuwa mfanyakazi mwenye nusu saa ya chakula hawezi kumfuata mpishi wake mtaa wa tatu.

Hitimisho

Historia hii yatuonyesha kwamba chakula cha kuuza huwa salama pale ambapo mambo mawili yakutana: mpishi ajulikanaye na mahali panapofaa. Desturi ilitupa la kwanza. La pili haliwezi kupatikana kwa desturi, wala kwa kufukuza watu. Hupatikana kwa bomba la maji, choo, shimo la taka na kizimba kilicho karibu na kazi za watu. Sheria ndogo idaiyo usafi bila kuleta maji ni nusu ya sheria.

Tunawashauri walimu wa historia na uraia wawatume wanafunzi wao kwa mama lishe wa mitaa yao na kwa wazee waliokula magengeni zamani. Wawaulize walipikaje, walikopeshana vipi, walikubaliana nini juu ya usafi na bei, na walikutana na sheria zipi. Mengi ya maarifa haya bado yamo katika vichwa vya watu tu, na wenye kuyajua wanapungua kila mwaka. Yakiandikwa, huenda wale watakaotunga sheria ndogo za kesho wakaanza kazi yao kwa kumsikiliza mpishi.