Jeraha la mtikisiko wa shingo
Ni jeraha la misuli, kano na viungio vya shingo, linalotokea hasa gari linapogongwa kwa nyuma. Kiti husukuma kiwiliwili mbele ilhali kichwa kimebaki nyuma. Kisha kichwa nacho hurushwa mbele, yote hayo kwa muda usiofika hata sekunde moja. Maumivu huweza kuchelewa saa kadhaa au hata siku nzima, ndiyo maana wengi huondoka eneo la ajali wakijiona wazima. Baadaye shingo hukakamaa, kichwa huuma, pengine na kizunguzungu.

Eksirei huonyesha mifupa, si misuli wala kano. Kumwita majeruhi mwongo kwa sababu picha yake haina kasoro ni kumdhulumu.

Mwaka 1995 jopo la wataalamu la Quebec, Kanada, liliyapanga majeraha haya kuanzia daraja 0, lisilo na dalili, hadi 4, lenye mfupa uliovunjika au kuteguka. Zamani kola ya shingo ilivaliwa kwa wiki nyingi. Siku hizi, kama mfupa haukuvunjika, majeruhi hushauriwa kuisogeza shingo mapema. Anayehisi ganzi au udhaifu wa mikono au miguu asisubiri: apelekwe hospitali mara moja, shingo ikiwa imetulizwa.