Aliye Juu ya Paa na Aliye Mlangoni

Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mmoja wa zimamoto walioheshimiwa zaidi hakushika maji. Alishika matoi, mlingoti wenye nembo ya kikosi kichwani na mikanda mirefu inayoning'inia, akapanda nao juu ya paa lililo jirani na moto, akasimama. Waliokuwa chini walipouona walijua moto unazuiwa hapo. Vikosi hivi vya raia viliundwa mnamo 1720. Watu wake walivaa makoti mazito ya pamba waliyoyalowesha maji. Kwa nje koti halikuwa na madoido. Kwa ndani lilichorwa joka au shujaa wa hadithi, na moto ukishazimwa waliligeuza, joka likaonekana na mtaa mzima.

Tusiwadhanie kuwa watu waliochezea roho zao. Kazi yao hasa ilikuwa kubomoa. Kwa kulabu ndefu waliangusha nyumba za mbao zilizokuwa mbele ya moto ili ukose cha kula. Kukubali nyumba ife ili mtaa upone ni hesabu ya hatari, tena ya watu makini. Tatizo ni kwamba hesabu ile iliishia kwenye nyumba. Mwenye matoi hakuingizwa humo, kwa kuwa kushuka kwake kungekuwa fedheha ya kikosi kizima.

Uingereza ilimwingiza mtu kwenye hesabu, lakini kwa gharama ya misiba. Januari 1958, moto ulishika ghala za chini ya ardhi za soko la Smithfield, London. Zimamoto wawili walipotea kwenye vijia vyenye moshi na hawakutoka hai. Baada ya hapo usimamizi wa wanaoingia na mitungi ya hewa ulikazwa nchi nzima. Mlangoni hukaa mtu mwenye ubao. Anayeingia huchomoa kibao kidogo kwenye mtungi wake na kumkabidhi: jina, saa ya kuingia, kiasi cha hewa. Mwenye ubao hupiga hesabu: hewa ya huyu itaisha saa ngapi? Kazi yake haina joka wala shangwe, ila yeye ndiye anayejua nani bado yuko ndani.

Matoi na kibao vyote ni alama ya mahali alipo mtu. Matoi iliuambia umati kwamba sisi tupo. Kibao humwambia mtu mmoja: nitafute nisipotoka. Mimi nachagua kibao, ingawa najua hakitoshi pasipo mtu wa kusema basi.

Mtu huyo alipatikana Worcester, Marekani, usiku wa tarehe 3 Desemba 1999. Jengo kuukuu la kuhifadhia vyakula vya baridi liliwaka. Zimamoto wawili walipotea ndani walipokuwa wakitafuta watu wasio na makazi, ambao kumbe walishaondoka. Wanne wakaingia kuwatafuta wenzao, nao wasirudi. Wengine walikuwa tayari kuwafuata. Mike McNamee, mmoja wa wakuu wao, alisimama mlangoni akawazuia.

Wahenga wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii inamtetea anayerudi nyumbani, lakini mitaani kwetu tunaisahau gari la zimamoto linapofika. Tunapiga kelele, "Ingieni! Mnasubiri nini?" Pengine ndani hakuna aliyebaki na paa limeshaanza kupinda. Kiongozi anayesubiri anasikiliza mabati yanavyolia, anamuuliza mwenye nyumba kama watu wote wametoka na kama kuna mitungi ya gesi jikoni. Kila swali linachukua sekunde kadhaa, na sisi tunaziita uzembe. Nimesimama katika umati wa namna hiyo, nami nilipiga kelele. Vijana watatu wenye kofia ngumu walikuwa wakimtazama kiongozi wao usoni, wakingoja neno lake, huku sauti zetu zikiwasukuma mgongoni.