Kutabiri mwisho wa dunia: sheria inaruhusu hadi wapi?

Muchungaji akitangaza kama dunia itaisha tarehe fulani, je, amevunja sheria? Hapana. Kusema tu si kosa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 22, inamupa kila mutu uhuru wa dini. Kifungu cha 23 kinamupa uhuru wa kutoa mawazo yake kwa sauti, kwa maandishi na kwa picha. Lakini vyote viwili vinaweka mupaka: kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na tabia njema. Kifungu cha 22 kinaongeza haki za wengine, na hapo ndipo wahubiri wengi hawafiki katika kusoma.

Kule Marekani mupaka uko mbali zaidi. Harold Camping, kiongozi wa Family Radio, alitangaza kama hukumu itakuja tarehe 21/05/2011. Wasikilizaji wengine walimaliza akiba yao kwa kulipa matangazo. Siku ikapita. Akasogeza hadi 21/10, nayo ikapita. Hakufungwa. Tangu 1969, tribinali kuu ya kule haikubali mutu aazibiwe juu ya maneno ya kuchochea watu kuvunja sheria, isipokuwa yanawasukuma kuivunja palepale.

Lakini sisi huku tuko na jirani Kanungu, Uganda, wilaya inayopakana na Rutshuru upande wa Ishasha. Viongozi wa kundi la Amri Kumi za Mungu, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walisema mwisho ni tarehe 31/12/1999. Waamini wakauzisha mashamba na vitu vyao, feza wakaipeleka kwa kundi. Tarehe 17/03/2000 kanisa lao likaungua na mamia ya watu ndani, watoto pia. Kiisha, maiti zingine zikapatikana katika mashimo ya nyumba za kundi, na polisi ikasema ni mauaji. Kundi lilikuwa limeandikishwa kwa serikali. Shule yao ilifungwa 1998 juu ya hali mbaya ya watoto, lakini kundi likaendelea na kazi yake.

Angalia vizuri: tarehe haikuwa kosa. Kosa lilianzia kwa watoto.

Basi mutu akienda polisi ao ku parke, asishitaki unabii. Aseme matendo: mutoto ametolewa ku masomo, mugonjwa amekatazwa dawa, mutu amefungiwa ndani, mwingine amelazimishwa kuuzisha parsele yake. Kwa mutoto, sheria ya tarehe 10/01/2009 inalinda masomo na afya yake, hata kama muzazi mwenyewe ndiye aliamini. Na kama maneno yenyewe yamepita kwa radio ao televizyo, kuna CSAC, yenye kuchunga kazi ya vyombo vya habari, na sisi wenyewe tuko chini yake.