Mlinzi, Mwenyeji na Jamaa

Katika tarehe ya watu waliopatwa na maradhi ya akili, suala la nani akae karibu nao lilitangulia suala la dawa, kwa kuwa dawa zenye nguvu zilichelewa kupatikana, hali mgonjwa alihitaji kuangaliwa usiku na mchana.

Serikali ya Kiingereza iliweka mlinzi. Mwaka 1910, huko Mathari, Nairobi, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui paligeuzwa kuwa hifadhi ya wenye wazimu, na ada ya kutenga ikabaki palepale, maana mlinzi aliwekwa kwanza kwa salama ya mji, ndipo kwa raha ya mgonjwa.

Mji wa Geel, Ubelgiji, uliweka mwenyeji. Tangu karne ya 13 mahujaji walikwenda huko kumwomba Mtakatifu Dymphna shifaa, na kanisa lilipofurika, raia waliwapokea majumbani mwao. Mgeni akala na ahali ya nyumba, akashiriki kazi za shamba, na mara nyingi akazeeka humo, wala mwenyeji hakuwa na desturi ya kuambiwa jina la maradhi yake, bali alimjua kwa kuishi naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mikono ya mgeni nayo ilikuwa faida ya shamba.

Daktari Thomas Adeoye Lambo, mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, alimweka jamaa. Wagonjwa walipanga vyumba katika vijiji jirani na hospitali, kwa sharti kila mmoja afuatane na ndugu yake, ampikie, amfulie na kumsindikiza kwenye matibabu. Hata siku ya kurudi kwao, palikuwa tayari na mtu aliyeijua hali yake.

Mlinzi aliwajibika kwa serikali, mwenyeji kwa majirani, jamaa kwa ukoo. Lakini hakuna aliyelazimika kumwuliza mgonjwa shauri lake, na huba ya ndugu yaweza kuamrisha kama ufunguo wa mlinzi. Upungufu huo ndio uliokusudiwa kuondolewa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliokubaliwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaotaka mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Kwetu sisi, ambao jamaa ndiye msaidizi wa kwanza, mfano wa Aro wafaa kufuatwa, ila ndugu aanze kwa kuuliza.