Ugomvi wa upana wa reli Ireland bado unaendelea, sasa mezani

Stesheni ya Great Victoria Street mjini Belfast ilifungwa Mei 2024, na Oktoba mwaka huohuo abiria wa treni wakahamia Grand Central, stesheni mpya iliyo jirani. Jengo lililofungwa halikuwa na umri wa kuliliwa, kwani lilianza kazi mwaka 1995. Lenye hadhi lilikuwa lile la mwaka 1848, la kampuni ya Ulster Railway, lakini hilo lilivunjwa mwaka 1968 na kiwanja chake kikapewa Hoteli ya Europa.

Anayetaka kuziona stesheni za enzi hiyo amebaki na picha za zamani, au na kazi ya mafundi wa modeli: watu wanaojenga reli ndogo za mezani kwa kadibodi, plastiki, gundi na rangi. Kipimo chao cha kawaida ni milimita nne kwa kila futi, hivyo jukwaa la futi 300 hugeuka kuwa la mita 1.2. Na kwa wanaojenga reli za Ireland, swali la kwanza halihusu jengo. Linahusu nafasi iliyopo kati ya reli mbili, na chimbuko lake ni ugomvi wa karne ya 19.

Reli ya kwanza ya Ireland, kutoka Dublin hadi Kingstown, leo Dún Laoghaire, ilifunguliwa tarehe 17 Desemba 1834. Upana wake ulikuwa futi 4 na inchi 8½, kama reli nyingi za Uingereza. Kisha tume ya serikali ikapendekeza futi 6 na inchi 2. Ulster Railway ikatii, na mwaka 1839 ikafungua njia ya Belfast hadi Lisburn kwa kipimo hicho. Kusini, kampuni ya Dublin na Drogheda ikaona upana huo ni gharama ya bure. Ikachagua futi 5 na inchi 2, na mwaka 1844 treni zake zikaanza kukimbia.

Njia hizo mbili zilikuwa zinaelekeana, na siku ya kukutana isingewezekana behewa la moja kupita kwenye reli ya nyingine. Ulster Railway, iliyofuata ushauri wa serikali, ikapiga kelele. Bodi ya Biashara mjini London ikamkabidhi shauri Meja Jenerali Charles Pasley, mhandisi wa jeshi. Wapenda reli husimulia kwa kicheko kwamba alijumlisha vipimo vitatu vilivyogombana, akagawa kwa tatu, akaondoka. Hesabu inakataa: wastani wa vipimo hivyo ni inchi 64 na ushei, naye alitoa 63. Ukweli ni kwamba aliwauliza wahandisi wakubwa, akaambiwa upana unaofaa uko kati ya futi 5 na futi 5½, akakata katikati: futi 5 na inchi 3.

Mwaka 1846 Bunge likaufanya kuwa sheria. Ulster Railway ikalazimika kung'oa reli zake na kuzitandika upya, na njia ya Kingstown ikapanuliwa mwaka 1857. Kipimo hicho, sawa na milimita 1,600, ndicho cha Ireland hadi leo, na kinapatikana pia Brazil na Australia.

Kwa kipimo cha mezani, milimita hizo 1,600 huwa 21 kamili. Reli ndogo zinazouzwa madukani zina 16.5. Treni ya Ireland ikiwekwa juu yake inakuwa imesimama kwenye njia ya futi 4 na inchi 1½, pungufu kwa sentimita 34 katika hali halisi. Hapo mafundi hugawanyika. Wa milimita 21 hutandika mataruma yao wenyewe na kubadilisha magurudumu ya kila injini, kazi ya kumaliza miaka. Wa 16.5 hujibu kwamba maisha ni mafupi, na treni ikipita mbele ya stesheni iliyojengwa vizuri hakuna anayeinama kupima. Moyo wangu uko kwa wa 21. Kipimo kilichohitaji jenerali na sheria ya Bunge hakistahili kuachwa kwa sababu duka halina.

Kwenye majengo hawagombani. Wote huyahusudu matofali ya manjano yenye mistari myekundu na myeusi ya W. H. Mills, mhandisi wa kampuni ya reli ya Great Northern. Wote huizungumzia stesheni ya Broadstone ya Dublin, kazi ya John Skipton Mulvany ya mwaka 1850, iliyokosa treni tangu 1937 na kugeuzwa makao ya mabasi. Stesheni ya Harcourt Street, ya George Wilkinson, ilipokea treni ya mwisho siku ya kufunga mwaka 1958.

Aliyeiheshimisha kazi hii ni marehemu Cyril Fry, mchoraji wa ramani za mitambo katika karakana ya Inchicore, Dublin. Michoro halisi ilikuwa mikononi mwake kazini, na nyumbani akaunda injini, mabehewa na tramu za Ireland kwa mamia. Alifariki mwaka 1972. Mkusanyo wake ulifunguliwa kwa umma katika Kasri la Malahide mwaka 1988, ukafungiwa mlango mwaka 2010, na kwa takriban miaka kumi taifa likaishi bila kuuona. Mwaka 2020 ulipata makao mapya, nyumba ya makuti iitwayo Casino, hapohapo Malahide.

Fry alikuwa na michoro halisi mkononi; wanaojenga stesheni nao wanaihitaji. Mwaka 2034 reli ya Ireland itatimiza miaka 200, na hotuba hazitakosekana. Kabla ya hotuba hizo, kampuni za reli za Dublin na Belfast zipime kila stesheni iliyofungwa ambayo bado imesimama, na michoro yake iwe wazi kwa yeyote mwenye kisu na kadibodi. Mafundi wako tayari.