Bondia Aliyebaki Jivu

Katika vibanda vya video vya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, filamu ya mateke ilipitia Kampala kwanza. Ilifika ikiwa na sauti ya VJ, aliyeifasiri kwa Kiganda na kuichombeza kwa utani wake. Watengenezaji filamu wa Wakaliwood, Kampala, walipotoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ilikuwa sehemu ya filamu yenyewe. Hadhira ilicheka kwa kuwa iliijua mikasa ya mapigano kwa moyo.

Ashita no Joe nayo imepata watani wengi. Ni katuni ya ndondi ya Kijapani iliyoongozwa na Osamu Dezaki, ikaanza kuonyeshwa Aprili 1970, kutokana na hadithi ya Ikki Kajiwara na michoro ya Tetsuya Chiba. Joe ni yatima aliyetua katika mtaa wa vibarua jijini Tokyo, watu wanaongoja kazi ya siku kama wapakiaji wanavyongoja malori Malaba. Mpinzani wake Rikiishi anajinyima chakula na hata maji ili apunguze uzito, wapigane katika daraja moja. Anashinda, kisha anafariki. Machi 1970, kabla katuni haijaanza kuonyeshwa, mamia ya mashabiki wa hadithi iliyochapishwa walikusanyika Tokyo kumfanyia mazishi, yeye aliye wino tu karatasini. Siwashangai hata kidogo.

Hadithi hiyo ya kuchapishwa iliisha 1973, mwaka ambao bondia wetu wa Kenya, Philip Waruinge, mwenye shaba ya Olimpiki ya Mexico 1968 na fedha ya Munich 1972, alianza ngumi za kulipwa hukohuko Japani kwa jina la Waruinge Nakayama.

Picha ya mwisho ndiyo iliyozaa mizaha. Baada ya raundi 15 na bingwa José Mendoza, Joe ameketi kwenye kona yake, kichwa kimeinama, anatabasamu, rangi yote imemtoka, mweupe kama jivu. Tangu hapo katuni za vichekesho, Gintama ikiwemo, humkalisha hivyo mhusika aliyechoka au kuaibika. Katuni ya Megalobox ya 2018 haikutania. Ilitengenezwa kuadhimisha miaka 50 ya Joe.

Kinachoniuma ni kwamba vijana wengi hukutana na mzaha kabla ya Joe, wakacheka wasijue kijana yule alikuwa ameteketeza nini. Natamani VJ mmoja wa Kampala aifasiri yote, atanie apendavyo, ila akifika kwenye kona ile anyamaze.