Mhandisi Mwanajeshi na Mipaka ya Upimaji: J. R. L. Macdonald katika Afrika Mashariki, 1891–1898

Historia ya Reli ya Uganda kwa kawaida huanza mwaka 1896, ujenzi ulipoanza Mombasa. Insha hii inaanza miaka mitano nyuma, kwa Kapteni J. R. L. Macdonald wa Kikosi cha Wahandisi wa Kifalme cha Uingereza. Hoja yake ni kwamba, katika utumishi wa afisa huyu, kazi ya uhandisi na kazi ya utawala hazikutengana, na kwamba ustadi katika ya kwanza haukumwandaa kwa ya pili.

Macdonald, aliyezaliwa 1862, alitumikia India kabla ya kukabidhiwa, mwaka 1891, upimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Msafara wake, uliotegemea wapagazi, ulipima miinuko, mabonde na mito. Kikwazo kikubwa kilikuwa kuteremka Bonde la Ufa na kupanda tena Mau. Njia ilirekebishwa baadaye, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Hata hivyo, upimaji wake ndio ulioonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana.

Kabla kazi hiyo haijapoa, serikali ilimtaka achunguze mapigano ya Mengo ya Januari 1892. Mwaka 1893 alikaimu nafasi ya kamishna nchini Uganda. Hivyo basi, mtu aliyekuja kupima ardhi alijikuta akiamua hatima ya watu.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika 1897. Macdonald, sasa akiwa meja, alipewa msafara wa kuelekea kaskazini, na sehemu ya askari wake walikuwa Wasudani. Askari hao walikuwa wamechoshwa na safari zisizokoma. Mishahara yao ilikuwa midogo na ilichelewa, nao walitenganishwa na familia zao. Mwezi Septemba, katika eneo la Ravine, walikataa kuendelea. Waliasi, wakaelekea Busoga na kuishika ngome ya Lubwa, ambako vita vilipiganwa tarehe 19 Oktoba. Maafisa wa Kiingereza waliokuwa mateka wao, akiwamo Meja Thruston, waliuawa.

Si haki kumtwika Macdonald peke yake lawama hiyo, kwa kuwa malalamiko ya mishahara yalitokana na utawala mzima. Hata hivyo, ndiye aliyekuwa mbele yao walipotaka kusikilizwa. Baadaye aliongoza jeshi la Uingereza lililoingia Tibet mwaka 1903–1904, akapewa cheo cha heshima cha Sir, na akafikia umeja jenerali.

Mtafiti anayesoma ripoti za maafisa wa aina hii atakuta vipimo vingi vya mlima na maji. Uchovu wa mpagazi na manung'uniko ya askari hayana budi kutafutwa kwingine, kwa maana bila hayo historia ya reli itabaki kuwa historia ya njia isiyo na wapitao.